Ushawishi Uliochelewa: Raia wa Roma na Kuondolewa kwa Dikteta Julius Caesar, 44 KK

Ikisiri

Mauaji ya Julius Caesar ya tarehe 15 Machi mwaka 44 KK huelezwa mara nyingi kama mashindano ya hotuba mbili, ya Brutus na ya Marcus Antonius, mbele ya umati usio na msimamo. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Kwa kutegemea barua za Cicero, zilizoandikwa matukio yakiwa bado moto, pamoja na masimulizi ya Suetonius, Plutarch, Appian na Cassius Dio, makala yanaonyesha kuwa raia wa Roma walikuwa wamekwisha kutoa sauti yao dhidi ya ufalme kabla ya mauaji, na kwamba waliokula njama hawakuitumia sauti hiyo. Waliwashawishi wenzao wapatao sitini kwa uangalifu mkubwa, lakini umma waliuwekea hotuba tu, tena baada ya tendo. Inadaiwa hapa kuwa kilichowashinda hakikuwa ufasaha. Hawakuwa na jambo lolote la kuwaomba raia walifanye.

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili amekutana na umati wa Roma kwenye tamthilia kabla ya kukutana nao katika vitabu vya historia. Mwaka 1963 Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Caesar, na toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo raia wanamsikiliza Brutus wakamshangilia, wanamsikiliza Antonius wakageuka, kisha wanakwenda kuchoma nyumba. Yote hayo huchukua muda mfupi wa jukwaani. Shakespeare alimtegemea Plutarch, na kama ilivyo haki ya mtunzi wa tamthilia, alizibana siku kadhaa zikawa tukio moja.

Hakuna ubaya katika hilo kwa upande wa sanaa. Tatizo huanza pale picha ya jukwaani inapochukuliwa kuwa maelezo ya kisiasa: kwamba umma ni bendera hufuata upepo, na kwamba anayesema mwisho ndiye anayeshinda. Kati ya hotuba za kwanza za Brutus na mazishi ya Caesar zilipita siku kama tano, na ndani ya siku hizo palifanyika maamuzi ambayo hakuna hotuba ingeweza kuyafuta. Kabla yake ilikuwapo miezi miwili ambayo tamthilia inaigusa kwa mbali tu. Swali la makala haya linaihusu miezi hiyo na siku hizo: ni nani aliyejaribu kuwashawishi raia wa Roma kumwondoa dikteta, kwa njia gani, na aliwataka wafanye nini?

Cheo kilichokuwa na mwisho

Udikteta wa Roma haukuwa uasi dhidi ya sheria. Ulikuwa cheo cha kisheria cha wakati wa hatari. Konsuli, kwa ushauri wa Seneti, alimteua mtu mmoja kushika mamlaka makubwa, na muda wake haukuzidi miezi sita. Kwa utaratibu huo suala la kumwondoa dikteta halikuwapo kabisa, maana kalenda ilimwondoa. Dikteta wa mwisho wa namna hiyo ya kale alikuwapo mwaka 202 KK.

Cheo kilipofufuliwa na Sulla mwaka 82 KK kilifufuliwa bila ukomo wa muda. Hata hivyo Sulla aliachia madaraka mwenyewe, jambo ambalo Caesar, kwa mujibu wa Suetonius, alilicheka kama ujinga wa mtu asiyejua hata herufi za kwanza za siasa. Caesar alishika udikteta kwa siku 11 mwaka 49 KK ili kusimamia uchaguzi, akapewa tena mwaka uliofuata, akapewa kwa miaka kumi mwaka 46 KK, na kufikia tarehe 15 Februari mwaka 44 KK alikuwa dikteta wa kudumu. Sarafu zilizotolewa mwaka huo zina sura yake pamoja na cheo hicho kipya. Neno moja, la kudumu, liliondoa kile ambacho raia alikuwa amekizoea kwa karne nyingi, yaani uhakika kwamba hata mamlaka makubwa yana siku yake ya mwisho.

Sauti ya raia kabla ya mauaji

Tarehe 26 Januari mwaka 44 KK Caesar aliingia mjini akitoka kwenye Sikukuu ya Walatini huko mlima Alba. Baadhi ya watu wakamsalimu kwa jina la mfalme. Akajibu kwa mzaha kuwa jina lake ni Caesar, si mfalme, akilichezea neno ambalo Roma lilikuwa pia jina la ukoo. Matribuni wawili wa umma, Lucius Caesetius Flavus na Gaius Epidius Marullus, hawakuuona mzaha huo. Katika siku hizo hizo walikuwa wameondoa utepe wa kifalme uliowekwa kwenye sanamu ya Caesar, na sasa wakawachukulia hatua waliotoa salamu ile. Tribuni alikuwa mlinzi wa raia wa kawaida, na mwili wake ulihesabiwa kuwa mtakatifu. Caesar aliwashtaki wote wawili mbele ya Seneti, na tribuni mwenzao, Helvius Cinna, akapeleka hoja wavuliwe cheo.

Hapo pana jambo ambalo wanahistoria wengi hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Suetonius anaeleza kuwa katika uchaguzi wa makonsuli uliofuata zilikutwa kura kadhaa zilizowachagua Flavus na Marullus. Watu hao hawakuwa wagombea. Upigaji kura wa siri kwa vibao katika uchaguzi ulikuwa umewekwa na sheria tangu mwaka 139 KK, na Caesar, ingawa alikuwa amejitwalia uteuzi wa nusu ya waliochaguliwa katika vyeo vilivyo chini ya ukonsuli, hakuweza kuuongoza mkono wa kila mpiga kura. Bila hotuba ya yeyote, raia kadhaa waliandika majina ya watu wawili waliofukuzwa kwa kumzuia mtawala asiwe mfalme. Huo ulikuwa upinzani wa kisheria kabisa, tena ulitokea ndani ya chombo kilekile ambacho Jamhuri ilikuwa imekiweka kwa ajili ya kutoa uamuzi.

Dalili nyingine zilikuwa mitaani. Sanamu ya Lucius Brutus, ambaye kwa mapokeo ya Warumi aliwafukuza wafalme, ilibandikwa maandishi ya kumtamani angekuwa hai. Kiti cha uhakimu cha Marcus Brutus, aliyekuwa pretori wa mji mwaka huo, kilikutwa na maandishi ya kumuuliza kama amelala na ya kutilia shaka ukoo wake. Kwenye sikukuu ya Lupercalia, tarehe 15 Februari, Antonius alipomtolea Caesar utepe wa kifalme mbele ya umati, makofi yalikuwa machache. Caesar alipoukataa, uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Caesar akaagiza iandikwe katika kalenda rasmi kwamba alipewa ufalme kwa agizo la raia naye akaukataa. Yaani hata dikteta aliona haja ya kuiweka sauti ya umma katika kumbukumbu, ingawa aliiandika kinyumenyume.

Ni kweli kuwa umma huohuo ulikuwa na sababu za kumpenda. Aliwasamehe wapangaji wa Roma kodi ya nyumba ya mwaka mmoja hadi kiwango cha sesterti 2,000. Aliwapa raia wa kawaida sesterti 400 kila mmoja baada ya ushindi wake, na aliwapatia makazi raia 80,000 katika makoloni ya ng'ambo. Aliwaumiza pia: idadi ya wanaopokea ngano ya serikali aliishusha kutoka 320,000 hadi 150,000, na vyama vya mitaa, isipokuwa vile vya kale, alivivunja. Raia walikuwa wanatofautisha mambo mawili, kumkubali mfadhili na kuukataa ufalme, na hawakuona ugumu wowote kuyashika yote mawili kwa pamoja. Wakuu waliokula njama ndio walioshindwa kuyatenganisha. Walidhani kuwa anayempigia makofi Caesar ameuza uhuru wake, na kwamba anayeuchukia ufalme atafurahia maiti.

Ushawishi wa watu sitini

Waliokula njama walizidi sitini. Plutarch ameeleza kwa kina jinsi walivyochaguana. Brutus aliwapima marafiki zake kwa maswali yaliyofanana na mjadala wa falsafa. Favonius alipojibu kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe ni vibaya kuliko utawala wa mtu mmoja usiofuata sheria, hakuambiwa chochote. Cicero, msemaji mkubwa kuliko wote mjini, hakushirikishwa, kwa kuwa walihofia umri wake na tahadhari yake. Cassius alitaka Antonius auawe pia, Brutus akakataa, na neno lake likashinda. Muda ulikuwa mfupi, maana Caesar alikusudia kuondoka tarehe 18 Machi kwenda kupigana na Waparthi.

Inaweza kusemwa kuwa njama haihubiriwi uwanjani, na kwamba Flavus na Marullus walikuwa somo tosha la kinachompata anayesema wazi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaeleza ukimya wa kabla ya tarehe 15 tu. Haielezi kwa nini watu waliopima kila neno walipokuwa wakimshawishi mtu mmoja mmoja hawakuwa wameandaa lolote la kuuambia umma kesho yake. Brutus na Cassius walikuwa mapretori. Kwa cheo chao waliweza kuitisha mkutano wa hadhara, na makonsuli wasipokuwapo waliweza kuitisha Seneti.

Siku tano

Caesar aliuawa kwa majeraha 23 katika ukumbi wa Pompey, ambako Seneti ilikutana siku hiyo. Brutus alijaribu kusema na maseneta, lakini walikuwa wamekwisha kukimbia. Wauaji wakapanda kilima cha Capitol wakilindwa na wapiganaji wa maonyesho wa Decimus Brutus. Appian anasimulia kuwa mmoja wao aliinua kofia juu ya mkuki, kofia ile aliyovaa mtumwa alipoachwa huru. Ishara hiyo ilieleweka vizuri na kila mtu. Lakini mtumwa aliyeachwa huru huwa ameachwa na bwana wake mbele ya mashahidi. Raia wa Roma walikuwa wanaambiwa kuwa wamekombolewa katika jambo ambalo hawakuulizwa.

Hotuba zilitolewa. Plutarch anasema watu walimsikiliza Brutus kwa ukimya mkubwa, wakimhurumia Caesar na kumheshimu Brutus. Pretori Cornelius Cinna alipoanza kumtukana marehemu, hasira zikawaka na wauaji wakarudi kilimani. Hapa ni muhimu kuukumbuka muundo wa siasa ya Roma. Mkutano wa aina hiyo, ulioitwa contio, ulikuwa wa kusikiliza tu. Kura ilipigwa katika mabaraza mengine, kwa mafungu ya kabila au ya mali, juu ya hoja iliyotangazwa mapema. Kwa hiyo contio ilikuwa na maana pale ilipotangulia hoja. Brutus alipanda jukwaani bila hoja. Hakupendekeza matribuni waliofukuzwa warudishwe, hakupendekeza cheo cha dikteta wa kudumu kifutwe, wala hakutangaza tarehe ya uchaguzi. Aliwataka wasikilizaji wakubali tu kwamba jambo lililokwisha kutendwa lilikuwa jema. Ukimya waliompa lilikuwa jibu la haki kwa ombi la namna hiyo.

Cicero aliliona pengo hilo mara moja. Katika barua yake kwa Atticus ya Aprili mwaka huo anakumbusha jinsi alivyopaza sauti kule Capitol, siku ileile ya kwanza, akitaka mapretori waitishe Seneti hapohapo. Haikuitishwa. Aliyeiitisha alikuwa Antonius, konsuli, tarehe 17 Machi, katika hekalu la Tellus, huku askari wastaafu wa Caesar waliokuwa wakisubiri mashamba wakiwa wamejaa mjini.

Kikao hicho ndicho kilichoamua mambo, kuliko mazishi. Kama Caesar alikuwa jabari aliyepora madaraka, basi maamuzi yake yote yalikuwa batili. Antonius, kama anavyosimulia Appian, akauliza ni nani kati ya waliopo yuko tayari kuachia cheo alichopewa na marehemu. Upretori wa Brutus na Cassius ulitoka kwa Caesar, na jimbo la Decimus Brutus pia. Hakuna aliyejitokeza. Seneti ikapitisha mambo mawili yasiyokaa pamoja: wauaji wasamehewe, na maamuzi ya Caesar yabaki na nguvu. Raia aliyekuwa nje alikuwa na haki ya kuuliza mtu huyo aliuawa kwa kosa gani, ikiwa sheria zake, uteuzi wake na ahadi zake vyote ni halali. Kuanzia hapo hapakuwa na hoja iliyosalia ya kumshawishi.

Ndipo yakaja mazishi. Atticus alikuwa ameonya kuwa Caesar akizikwa hadharani kila kitu kitapotea. Wosia ulikuwa umefunguliwa: kila raia apewe sesterti 300, na bustani za Caesar zilizo ng'ambo ya mto Tiber ziwe mali ya umma. Decimus Brutus alitajwa miongoni mwa warithi wa daraja la pili. Appian ameandika hotuba ndefu ya Antonius yenye vilio na vitendo, na hiyo ndiyo njia iliyoelekea jukwaani. Suetonius anasimulia jambo dogo zaidi na lenye makali zaidi. Kwa mujibu wake, Antonius alimwagiza mpiga mbiu asome azimio la Seneti lililompa Caesar heshima zote za kibinadamu na za kimungu, kisha asome kiapo ambacho maseneta wote walikuwa wamekula cha kumlinda. Yeye mwenyewe akaongeza maneno machache.

Masimulizi hayo yakikubaliwa, na yana uzito wa kukubalika kwa sababu hayana mapambo, basi kilichowawasha raia hakikuwa ulaghai wa msemaji. Kilikuwa nyaraka za serikali, zilizopitishwa na watu walewale walioshika majambia. Mwili ukachomwa uwanjani Forum kwa kuni za viti na mabenchi. Wageni wasio raia walikuja kuomboleza kila jamii kwa desturi yake, na Wayahudi wa mjini walirudi hapo kwa usiku kadhaa mfululizo. Katika ghasia hizo Helvius Cinna, tribuni aliyepeleka hoja ya kuwavua Flavus na Marullus, aliuawa na umati uliodhani kuwa ni Cornelius Cinna. Rafiki wa dikteta alikufa kwa hotuba ya adui wa dikteta.

Hotuba iliyosahihishwa mno

Brutus hakuacha kuamini maneno. Aliiandika vizuri hotuba yake ya Capitol na kumpelekea Cicero aisahihishe kabla ya kuichapisha. Barua ya Cicero kwa Atticus kuhusu jambo hilo, ya mwezi Mei, ni mojawapo ya hukumu fupi na za kweli zilizobaki kutoka enzi hiyo: lugha imechujwa kikamilifu, lakini yeye mwenyewe angeiandika kwa moto zaidi. Hakuirekebisha, akijua kuwa mwandishi anaipenda ilivyo. Kuhusu tendo lenyewe alikuwa amekwisha kusema kuwa lilifanywa kwa ushujaa wa watu wazima na kwa mpango wa watoto.

Mwezi Julai Brutus, akiwa amekwisha kuuhama mji, aligharimia michezo ya Apollo kama wajibu wa cheo chake. Alitaka ionyeshwe tamthilia ya Accius kuhusu Brutus wa kale na kufukuzwa kwa wafalme. Aliyesimamia michezo kwa niaba yake alikuwa pretori Gaius Antonius, ndugu wa konsuli, na tamthilia ikabadilishwa ikawekwa nyingine ya Accius huyohuyo, Tereus. Makofi yalipigwa hata hivyo, na Brutus akafarijika. Cicero hakufarijika. Aliona uchungu kwamba watu wa Roma wanaitumia mikono yao kupiga makofi badala ya kuitetea Jamhuri. Lakini hata yeye hakusema ni wapi, katika miezi hiyo minne, mikono hiyo ilikuwa imepewa kibao cha kupigia kura juu ya jambo hilo. Mwishoni mwa mwezi uleule Octavian, mrithi wa Caesar, aliandaa michezo yake, nyota yenye mkia ikaonekana angani kwa siku saba, na watu wakaamini ni roho ya Caesar.

Sheria ya Antonius na ombi la mwaka 22 KK

Cheo cha dikteta kilifutwa mwaka uleule wa 44 KK. Aliyepeleka hoja ya kukifuta alikuwa Antonius, na Cicero, aliyekuwa karibu kuwa adui yake mkubwa, alimsifu kwa hilo hadharani. Appian anaongeza kuwa iliwekwa adhabu ya kifo kwa atakayekipendekeza tena au kukipokea. Waliomwondoa dikteta hawakuleta sheria hiyo. Rafiki yake ndiye aliyeileta, naye akavuna shukrani zake. Tarehe 27 Novemba mwaka 43 KK sheria ya Titia iliwapa Antonius, Lepidus na Octavian mamlaka ya kuiunda upya Jamhuri kwa miaka mitano. Hawakuitwa madikteta. Waliandika orodha za watu wa kuuawa, na tarehe 7 Desemba Cicero aliuawa akiwa miongoni mwao. Brutus na Cassius walikufa Philippi mwaka uliofuata.

Miaka 22 baada ya mauaji, Roma ilipigwa na mafuriko, maradhi na njaa. Umati uliwafungia maseneta ndani ya ukumbi wao na kutishia kuuchoma wakiwa humo, wasipomtangaza Augustus, aliyekuwa Octavian, kuwa dikteta. Kisha watu wakachukua fimbo 24 za mamlaka wakampelekea wenyewe, wakimwomba cheo hicho pamoja na usimamizi wa ngano. Suetonius anasema alipiga goti, akavuta joho lake begani na kubaki kifua wazi, akiwasihi wasimpe. Usimamizi wa ngano aliupokea. Ukumbi waliotishia kuuchoma ulikuwa ule ambao ujenzi wake uliamriwa enzi za Caesar, na Augustus ndiye aliyekuwa ameuzindua mwaka 29 KK.